Picha Safi Kuliko Zote

Kwa miaka ishirini na miwili mzee alikuwa dereva wa gari la shule, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Akishawashusha watoto asubuhi, hubaki ndani ya gari hadi saa nane mchana akiwasubiri, mikono kifuani, hana la kufanya. Binti yake, fundi cherehani anayeshonea katika chumba cha mbele cha nyumba yao, alimwonea huruma. Simu ya mzee ilikuwa ya vitufe na hizi za kioo alizikataa katakata. Basi binti akaamua kumnunulia kivideo cha mfukoni, kile kidogo kinachoenea kiganjani, aangalie mpira na vichekesho huku akisubiri.

Siku hiyo, watoto wakishashuka, mzee alimpitia binti nyumbani na kumwendesha mwenyewe hadi dukani. Njiani walipiga soga. Mzee aliuliza kama mbele kuna foleni, binti akasema ipo lakini inatembea. Kwenye taa za barabarani mzee akanung'unika kwamba taa hizi siku hizi zinalala, binti akacheka, akamwambia atulie, bado nyekundu. Kisha akamwambia haya, imewaka kijani, twende. Walipofika akamwonyesha pa kuegesha, kushoto kidogo, baada ya pikipiki.

Siti ya mbele aliyokalia binti siku hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanawe wa miaka saba, ambaye nyumbani walimwita Kasuku kwa sababu hafungi mdomo. Kutoka geti la nyumbani hadi la shule, Kasuku husimulia kila kilichoko barabarani: tuta hilo, mbwa huyo, mama yule anavuka. Mwenzake akithubutu kukalia siti ile, ni kilio. Watu wazima walikwisha kumcheka wakachoka.

Mwenye duka alikuwa jamaa mnene mwenye maneno mengi kuliko bidhaa. Alipanga vivideo vitatu juu ya kaunta, akaanza kuvisifia vioo: hiki rangi zake zinawaka, hiki hata juani unaona. Mzee hakujishughulisha na vioo. Kila kimoja alikipapasa kwa kidole gumba akitafuta vitufe, na viwili vilivyokuwa laini kotekote alivirudisha papo hapo. Cha tatu alikipeleka sikioni, akasema kina sauti ya mafua. Binti akacheka moyoni. Wazee bwana, mpe televisheni aifanye redio.

Mwenye duka alipogeuka kutafuta vingine, mzee akapapasa mwisho wa kaunta, akakipata cha nne. Akabonyeza. Sauti ya mtangazaji wa mpira ikajaa duka zima, nzito, safi. Mzee akakishika mbele ya uso wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Picha zake safi kuliko zote."

Mwenye duka akaangua kicheko mpaka tumbo likatikisika. Akasema mzee huyu ana utani wake, maana hicho kililetwa kutengenezwa. Kioo kimekufa, wiki ya pili sasa, kimebaki sauti tu.

Binti naye alianza kucheka, akaacha, kwa sababu baba yake hakucheka. Alikuwa bado amekikodolea macho kile kioo cheusi tii, na tabasamu lake lilikuwa limemganda usoni.

Binti akachukua kimojawapo cha vile laini, akakiwasha, akazima sauti, akamshikia baba yake mbele ya macho.

"Baba, hapa kuna watu wangapi?"

Mzee alisogeza uso karibu na kioo. "Wawili," akasema.

Palikuwa na ng'ombe mmoja, anakula majani.

Mwenye duka, na maneno yake yote, akajifanya anapanga nyaya. Binti alitafuta kiti akakosa, akaegemea kaunta. Alikuwa na hofu na hasira, zote mbili kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi. Akauliza tangu lini. Mzee akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kamatwa, kwamba ukungu ulianza mwaka jana, akadhani utapita. Akasema si kwamba haoni kabisa. Njia anaijua hata usingizini, mwanga anauona, na magari makubwa anayaona.

"Vitu vidogo tu ndivyo vimenikimbia," akasema.

Vitu vidogo. Binti akawaona akilini watoto kumi na wanne wakishuka na mabegi yao, wakipita mbele ya lile gari. Ndipo akakumbuka foleni aliyoulizwa asubuhi ile, na taa, na pikipiki ya pale nje. Alidhani wanapiga soga. Kumbe alikuwa anamwendesha baba yake, na hakujua.

"Niache nimalizie muhula, mwanangu," mzee akasema. "Kasuku yupo. Kasuku ananiambia kila kitu, hajawahi kukosea."

Mwaka mzima binti alimfunga mtoto mkanda kila asubuhi, akambusu, akamwambia asimsumbue babu kwa maneno mengi.

"Nipe ufunguo, Baba."

Hakupandisha sauti. Hakuwahi kumwamuru baba yake kitu maishani. Mzee aliutoa mfukoni, akaushika kidogo, kisha akanyoosha mkono kumpa, lakini upande ambao binti hakuwapo. Binti ikabidi ausogelee mkono.

Akapiga simu shuleni akasema ukweli wote, mzee akisikia kila neno. Mwalimu mkuu akamtuma dereva mwingine aje alichukue gari pale dukani. Kabla hawajatoka mzee aliuliza, kwa aibu, kama kile chenye kioo kilichokufa kinauzwa. Mwenye duka akakitia mfukoni mwa mzee, akasema aliyekileta hakitaki tena, akageuka haraka kutazama ukutani.

Saa nane gari lilikuwa mbele ya shule, dereva huyo akiwa kwenye usukani. Mzee alikaa siti ya nyuma kabisa, kichwa chini, na binti pembeni yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa bado na hasira, lakini mkono hakuuachia.

Watoto wakapanda. Kasuku akafungua mlango wa mbele, akarukia siti yake, akafunga mkanda mwenyewe. Alimtazama dereva mgeni, akageuka nyuma akamwona babu, akarudi kumtazama dereva. Kisha akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza jambo la kawaida la kazi:

"Wewe unaona mwenyewe, au nikuambie?"