Mtani wa Iddi

Mzee aliingia uwanjani tukiwa katika mazoezi ya kona, akakatiza mbele ya goli kana kwamba hakuna mpira unaochezwa. Viatu vyake alivishika mkononi kwa sababu ya tope, na kanzu ameikunja hadi magotini. Martini, kipa wetu, aliudaka mpira uliokuwa unamwendea kichwani, akaukumbatia. Hakuna aliyemjua mtu huyo.

"Kocha wenu yuko wapi?"

"Ni mimi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Nilifikiri wewe ndiye wa kuokota mipira."

Vijana wakacheka, nami nikacheka nao. Sikuwa nimewazidi miaka mingi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia, nikaja kujitolea katika chuo hiki cha ualimu pale Rusimbi, nikiamini kwamba timu inayoshika mkia inahitaji tu mtu wa kuiamini.

"Naitwa Hamdani, wa Ujiji," alisema mzee. "Mimi ni baba yake Iddi."

Kicheko kilikatika hapo hapo.

Iddi alikuwa mshambuliaji wa chuo cha uuguzi, timu ambayo wanafunzi wetu waliiita watani, na ambayo hatukuwa tumeifunga kwa miaka sita. Karibu wiki sita nyuma aliugua malaria, ikampanda kichwani, siku ya nne akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Nilimpa mzee pole, nikamketisha kwenye benchi. Wachezaji walisogea, wakasimama nyuma yetu.

"Barua yenu niliipata," alisema. "Ina mhuri. Imeandikwa vizuri. Nani aliiandika?"

"Mimi, mzee."

"Vizuri sana." Aliyasema maneno hayo huku akiangalia tope miguuni pake, nikajua hanisifu. "Watani wetu wa ukoo walikuja siku ile, wakafanya yao, Mungu awalipe. Lakini Iddi alikuwa na watani wake mwenyewe. Nilisimama mlangoni nawangoja nyinyi. Jeneza likatoka, bado naangalia barabara. Nikasema watakuja tu, labda wamekosa gari. Tukamzika mwanangu kimya kimya, kama mpita njia."

Hapo nililielewa kosa langu, ingawa nyuma yangu vijana walikuwa wanalijua tangu siku lilipotendeka.

Tangu zamani, kabla sijafika, timu hizi mbili zilikuwa zinazikana. Upande mmoja ukifiwa, upande wa pili unakuja kufanya utani msibani: wanamwiga marehemu, wanaficha majembe, wanagoma mpaka wapewe chochote, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Siku Iddi alipofariki, wanafunzi walinijia kuomba gari la chuo. Niliwakatalia. Niliona ni aibu kwenda kumfanyia mzaha kijana wa watu kwa sababu ya mambo ya mpira. Nikawaambia heshima ni kunyamaza, nikaandika barua.

Tena nilikuwa na sababu nyingine. Tangu mwezi wangu wa kwanza nilikuwa nimelipiga marufuku neno watani mazoezini. Kila mwaka timu hii ilijiandaa kwa mechi moja tu. Wiki tatu kabla ya kukutana na chuo cha uuguzi, hakuna aliyejali mechi nyingine. Wakishapigwa na watani, roho zinawatoka, wanafungwa na kila anayekuja. Mkuu wa chuo, Madam Agnesi, alikuwa ameshaniambia wazi: tukishika mkia tena, mwakani timu haipo, na uwanja utajengwa bweni. Kwa hiyo nikawafundisha kuangalia msimamo wa ligi, siyo sura ya mtu mmoja. Na ilifanya kazi. Tulishinda mbili, tukatoka sare tatu. Iddi alipokufa, kamati ya ligi iliifuta mechi yetu nao, kila timu ikapewa pointi moja. Kwa pointi hiyo tulikuwa juu ya mkia. Mechi ya mwisho, na chuo cha kilimo kule Simbo, tulihitaji sare tu.

"Nimekuja kuomba kitu kidogo," alisema Mzee Hamdani. "Kuna beki wenu mmoja mrefu. Yule aliyekuwa anamtukana mwanangu dakika tisini nzima."

Wote waligeuka kumtazama Feliksi, nahodha wetu. Feliksi aliinamisha kichwa.

"Ndiye huyu? Iddi akirudi nyumbani alikuwa haongei habari za magoli. Anaongea habari zako tu. Leo yule Muha kaniambia hivi, leo kaniambia vile. Mama yake akawa anakujua kuliko anavyowajua jirani zake." Akanirudia mimi. "Njooni naye kwenye arobaini. Mama yake Iddi, tangu siku ile, ni salamu tu, basi. Halii. Tumemsomea dua, hakuna kitu. Nataka kijana huyu aje afanye ambalo halikufanyika."

"Atakuja, mzee," nilisema. "Nakuahidi. Nitamleta mwenyewe."

"Mungu akubariki. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri."

Jumamosi saa kumi ndiyo ilikuwa mechi ya Simbo.

Ningeweza kuyarudisha maneno yangu palepale. Mzee alikuwa bado ameketi, anavaa kiatu cha kushoto. Nilimwangalia akihangaika na kamba zake, nikainama kumfungia.

Alipoondoka, Martini aliupiga mpira hadi kwenye majani.

"Kocha, mwaka mzima umetukataza hata kuwataja watani. Leo unawapelekea nahodha?"

"Si wao. Ni mama mmoja."

"Mama mmoja kwa timu nzima. Sawa. Nani atalikaba lile jitu la Simbo, namba tisa wao? Mimi na glovu zangu?"

Recho, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa katibu wa timu, alifungua daftari lake lenye ratiba. "Tuombe kamati isogeze mechi. Au mzee asogeze arobaini."

Tulijaribu yote mawili. Kamati ilijibu kwamba mechi za mwisho huchezwa zote kwa wakati mmoja, ili timu zisipangiane matokeo. Kwa mzee sikuthubutu hata kumaliza swali. Wajomba zake Iddi walikuwa wameshapanda boti kutoka Uvira.

Jumatano tulikaa darasani, timu nzima. Niliwaambia ahadi ni yangu, siwezi kumlazimisha mtu. Kama Feliksi atachagua kucheza, nitakwenda Ujiji peke yangu kuomba radhi, maana barua ile ilikuwa na sahihi yangu.

"Sare tu," alisema Recho polepole. "Sare ingetutosha. Wa mwaka wa kwanza watacheza wapi mwakani?"

Feliksi alikuwa amekaa dawati la nyuma, magoti yamekataa kuingia chini ya meza kama kawaida.

"Baba yangu alipofariki," alisema, "Iddi alikuja Kasulu. Kwa nauli yake. Kaburi limeshachimbwa, yeye akashuka akalala humo ndani. Akasema pazuri, hatoki mpaka apewe kuku. Wazee wakambembeleza. Akawa anauliza, jogoo au tetea?" Alitabasamu, halafu tabasamu likamponyoka. "Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo akaanza kulia. Alikuwa hajalia siku mbili."

Martini alijikuna shingo. "Alipewa?"

"Alipewa jogoo. Akaondoka naye kwenye basi." Feliksi alinitazama. "Siku ya msiba wake nilishafika getini, kocha. Nina nauli mkononi. Nikakumbuka umekataza, nikarudi."

Nilikuwa nimesoma miaka mitatu jinsi ya kuwalea vijana, na huyu alikuwa amerudi kutoka getini kwa sababu ya heshima kwangu.

"Basi nenda," alisema Martini. "Namba tisa wao nitamng'ata mguu."

Jumamosi basi dogo la timu liliondoka kuelekea Simbo saa saba. Recho alikaa mbele na daftari lake, karatasi ya kikosi ikiwa mkononi mwake kwa mwandiko wangu. Mimi na Feliksi tulipanda bajaji kwenda Ujiji. Njiani hatukuzungumza. Mara moja tu aliniuliza kama Martini alikumbuka kubeba glovu kavu.

Kwa Mzee Hamdani mikeka ilikuwa imetandikwa uani, harufu ya pilau imetanda mpaka barabarani. Dua ilisomwa. Baada ya amina ya mwisho mzee alisimama, akasema kuna mgeni ana deni la siku arobaini. Watu wakageuka. Feliksi alisimama katikati ya kanzu zote zile na suruali yake ya chuo. Nilimwogopea.

"Mimi ni mtani wa Iddi," alianza. Akakohoa. "Nimekuja kulalamika. Miaka mitatu nimemkaba mtu huyu, sijawahi kumshika. Mbu kamshika siku nne. Na alikuwa anasomea uuguzi."

Mjomba mmoja kutoka Uvira alikunja uso. Kisha Mzee Hamdani akatoa sauti iliyokuwa kama kikohozi, nikaona mabega yanamcheza. Anacheka.

Feliksi akapata ujasiri. Akashusha soksi kama Iddi, akatembea kwa maringo kama Iddi anapokwenda kupiga penalti, akajipangusa nyusi kwa kidole kimoja. Vijana wa mtaani wakapiga makofi, wanamjua Iddi wao. Hata yule mjomba alifunika mdomo.

"Na alikuwa anajiangusha," alisema Feliksi. "Hujamgusa, yuko chini. Upepo wa ziwa ukivuma, penalti."

"Mwongo mkubwa wewe."

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Ilikuwa kavu, ya mtu asiyeitumia. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, kanga imemdondoka begani, na wenzake wamemshika huku na huku. Huyo alikuwa Bi Zaitun, mama yake Iddi.

"Mwanangu hakuwa anajiangusha. Wewe ndiye uliyekuwa unamkwatua. Magoti yake nilikuwa namkanda mimi, nayajua."

Mzee Hamdani aliketi ghafla kwenye mkeka.

Simu yangu ilitikisika mfukoni. Niliitoa, nikaiinamia. Recho alikuwa ameandika: *Mbili moja. Namba tisa, dakika ya themanini na nane. Martini analia. Pole kocha.*

Nilipoinua macho, Feliksi alikuwa ananitazama. Sikutaka kumwambia pale, lakini naye hakuwa mtu wa kufichwa. Nilinyanyua vidole viwili, halafu kimoja, halafu nikaelekeza mkono mbali, kuelekea Simbo. Alielewa. Aliangalia chini, nikadhani ataketi.

"Nijibu," alisema Bi Zaitun, machozi yameshaanza kumshuka bila yeye kuyafuta. "Alikuwa anajiangusha vipi?"

Feliksi alivuta pumzi.

"Hivi, mama," alisema, akajitupa chini mzimamzima mbele yao wote, akashika goti, akaanza kumlilia refa.