Maji Chini ya Zulia

Katika mtaa mzima wa magereji mwanamke alikuwa mmoja tu, na wote walimwita Dada Spana. Wateja wapya walimpita wakaenda kumtafuta "fundi mwenyewe", kisha wakarudi wakijikuna vichwa. Hilo alishalizoea. Ambacho hakukizoea ni kutengeneza gari la mdogo wake wa kiume, kinyozi mwenye mdomo usiojua kupumzika.

"Dada, hiki kigari kizee, lakini kina roho," alisema asubuhi ile, akikipapasa paa kama anayemsifia mwanawe. "Jana barabara kuu nimempita mtu na gari lake jipya, akabaki kunikodolea macho. Wewe badilisha oili, angalia breki, basi. Kesho nawapeleka wazee safari."

Mkewe, mwenye mimba kubwa, alikuwa ameketi kiti cha mbele, mlango wazi, miguu nje.

"Na yale maji, wifi," akakumbusha. "Mvua ikinyesha, viatu vyangu vinalowa. Nikimwambia huyu, ananijibu eti nimemwaga chai."

"Si kweli unamwaga?" kinyozi akadakia.

"Chai gani inayomwagika hata kabla sijainywa?"

Dada Spana akacheka, akaingia kazini. Aliitoa oili ya zamani, nyeusi tii, akafunga filta mpya. Plagi zilikuwa zimejaa masizi, akazibadilisha. Pedi za breki zilikuwa zimelika mpaka zimebaki nyembamba kama ukucha. Hakuna lililomshtua. Gari la umri ule huwa na maradhi yake, kama mtu.

Alibakiza hayo maji. Akamwomba wifi yake ahamie kwenye benchi, akafungua viti vya mbele, akavitoa nje, akalikunja zulia kuelekea nyuma. Harufu ya uvundo ikampiga usoni. Chini ya zulia kulipakwa lami nene, na mahali pamoja imevimba. Akaikwangua kwa bisibisi.

Bisibisi ikazama yote. Alipoichomoa, kwenye tundu aliona changarawe za gereji.

Akakwangua zaidi, safari hii polepole. Chini ya lami kulikuwa na mstari wa kuchomelea, wa ovyo ovyo, kama kidonda alichokishona mtu mwenye haraka. Ulitoka mlango wa kushoto ukakatiza sakafu nzima mpaka mlango wa kulia, na sehemu kubwa ilishaliwa na kutu. Akagonga nguzo katikati ya milango. Badala ya mlio wa bati akasikia mlio mzito wa puti, ule udongo wa kuzibia mabati. Akakwangua rangi nyekundu mbele ya mstari, chini yake pakatokea nyeupe. Akakwangua nyuma yake. Buluu.

"Njoo hapa," akamwita mdogo wake. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni.

Kinyozi akachungulia. "Kutu hiyo. Chomelea, tuondoke zetu."

"Siyo kutu. Haya ni magari mawili yaliyoungwa."

"Mawili vipi? Mbona mimi nimelipia moja?" Akacheka peke yake.

Dada Spana hakubishana. Alitaka kumwonyesha ufa tu, upana wa kidole, aamini. Akaingiza jeki chini ya pua ya gari, akaanza kuipandisha. Magurudumu ya mbele yakaachana na ardhi. Kitu kikalia, kikwii. Puti ya nguzoni ikapasuka, ikamwagika vipande vipande kama ganda la yai. Akaongeza kidogo.

Pa!

Nyundo za mtaa mzima zikanyamaza. Mbele ya gari ilikuwa imeinuka, nyuma imebaki palepale, na katikati tumbo limefunguka toka mlango hadi mlango. Mlango uliokuwa wazi ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja. Mahali wifi yake alipokuwa ameketi muda mfupi uliopita, sasa palionekana ardhi tupu.

Dada Spana alibaki ameshika mkono wa jeki, hajui aushushe au auache. Mdogo wake alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukuwa na neno ndani.

"Jana," mkewe akasema polepole, mikono tumboni. "Jana ulikuwa unashindana na watu."

Ndipo kinyozi akashika simu. Gari aliuziwa na rafiki yake wa chanda na pete, Mrefu, aliyemsimamia hata harusini. "Njoo gereji," akamwambia, akakata.

Mrefu alifika akitabasamu. Hajamaliza kusalimia, kinyozi akamkwida shati.

"Ulitaka kutuua? Mimi, mke wangu na mwanangu ambaye hata hajazaliwa?"

"Kuua nani tena, ndugu ya—" Macho ya Mrefu yakatua kwenye gari. Akajitoa mikononi mwa mwenzake bila nguvu, kama mtu wa usingizini, akasogea akainama, akagusa ile rangi ya buluu.

"Mama yangu nilikuwa nampeleka hospitali na gari hili," akasema. "Kila wiki. Watoto wangu huku nyuma, wanaimba." Akaangalia nyuma ya gari kana kwamba bado wamo. Kisha akachutama kando ya matairi chakavu, akatapika.

Ngumi ya kinyozi, iliyokuwa tayari, ikabaki hewani bila pa kwenda. Akaishusha. Alikwenda kuchota maji, akamshikia rafiki yake kikombe anywe.

"Aliyeniuzia alikuwa na yadi ya magari," Mrefu akasema baadaye. "Siku hizi pale wanauza magodoro."

Dada Spana akavaa miwani ya kazi, akawasha grinda, akalikata bodi vipande vidogo ambavyo hakuna fundi angeviunga tena. Cheche zilimrukia, hakuzijali.

Jirani mmoja akajitolea kuwarudisha nyumbani kwa gari lake. Wifi akatikisa kichwa. Akaondoka kwa miguu, taratibu, mumewe upande mmoja na Mrefu upande wa pili. Dada Spana aliwasindikiza kwa macho mpaka walipopinda kona. Alipoinama kuokota spana, ilimponyoka. Akaiokota tena, ikamponyoka tena. Basi akaiacha chini, akaketi kando yake.