Sufuria la Uji

Siku treni mbili zilipogongana, karibu kila mtu wa rika langu atakwambia alikuwa wapi redio ilipotangaza. Mimi redio sikuisikia. Nilikuwa dobi wa hospitali, na habari niliipata kwa shuka, maana zilishuka kwetu kutoka wodi za juu zimelowa damu, moja baada ya nyingine, kisha mashine yetu ya kufulia ikazimika.

Nesi akaja mbio. "Mama, chumba cha upasuaji kimebakiwa na shuka mbili."

Nikaenda jikoni kwa mpishi mkuu, tuliyezoea kuitana shemeji kwa utani, nikamwomba lile sufuria lake kubwa nichemshie shuka.

"Shemeji, humu napikia wagonjwa uji."

"Leo watakunywa chai kavu, shemeji. Bora wakose uji kuliko wakose shuka."

Akanitazama, akamwaga uji, akachochea kuni mwenyewe.

Tulichemsha, tukasuuza, tukapiga pasi za mkaa shuka zikiwa bado mbichi, mpaka mvuke ukatufumba macho. Kila nesi aliyeshuka alipanda na shuka moto mikononi. Wenzangu waliulizana kama ndugu zao walikuwa kwenye treni, lakini hakuna aliyeweka pasi chini.

Jioni daktari mkuu, ambaye hakuwahi kufika kwetu, alikuja akatupa mkono mmoja mmoja. Mikono yetu ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni.

"Hakuna majeruhi aliyesubiri shuka," akasema.

Basi mimi nikiulizwa nilikuwa wapi, sijiumiumi. Nilikuwa kazini.