Kambare wa Shukrani za Hosie

Upande wetu wa mto Mississippi, kuanzia kwenye gati la changarawe mpaka kisiwa cha mchanga, hakuna mwanamke aliyewahi kutoa majini kambare kichwa-bapa mkubwa kama niliyemtoa mimi. Ni kweli kwamba mwanamke mwingine anayevua huku ni Earline peke yake, naye huvua akiwa amekaa ndani ya gari, vioo amepandisha, kwa kuogopa mbu. Na huyo samaki wangu, afadhali niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine, habari zake zina kona.

Mvuvi wa nyumbani kwetu ni mume wangu, Hosie Cobbins. Tangu anioe, yeye analeta samaki, mimi namkata, namkaanga, napakua, halafu watu wanamsifu Hosie. Nimezoea. Lakini majira ya baridi yaliyopita kiharusi kilimwangusha kati ya kitanda na dirisha, barabara yetu ikiwa matope matupu, gari la wagonjwa likakwama kule kwenye tuta. Jirani yetu Alvertis Grigsby, ambaye pia ni shemasi wetu, alimtia Hosie mgongoni kama gunia la viazi akampeleka kwa miguu mpaka kwenye gari. Hosie si mwanamume mwembamba. Shemasi alitembea ameinama wiki nzima, na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba anatafuta kitu alichokidondosha.

Basi watu wakatubeba. Ndiyo neno lenyewe, walitubeba. Masufuria ya maharage yalikuwa yakiingia kwa mlango wa mbele kabla ya matupu kutoka kwa mlango wa nyuma. Mikate ya mahindi ililetwa mpaka kuku wangu wakanenepa. Kuni nilizikuta zimepasuliwa na kupangwa, na aliyezipasua mpaka leo simjui. Usiku nikiomba, nilikuwa nataja majina mpaka nasinzia katikati ya ukoo wa akina Purifoy.

Sasa kanisani kwetu tuna desturi. Mtu akivushwa katika ugonjwa, Jumamosi ya kabla ya Pasaka huwalisha samaki wale waliomvusha, pale bandani nyuma ya kanisa. Na samaki awe ametoka mtoni kwa mkono wa nyumba hiyo. Wale wa kufugwa, wanaouzwa na lori, hawakubaliki. Hao wanakula chakula cha gunia, na nyama yao ina ladha ya gunia. Hosie aliijua desturi hiyo vizuri. Siku ulimi wake ulipoanza kunyanyuka tena kule hospitali, maneno yake ya kwanza yalikuwa: "Kichwa... bapa. Wote." Muuguzi akadhani anamtukana daktari. Mimi nilielewa. Alikuwa anaahidi kwamba akitoka, watu wote watakula kambare kichwa-bapa. Nikamwambia ndiyo, baba, kama unavyomjibu mgonjwa.

Lakini alitoka. Akarudi na fimbo, mkono wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja kama kuku wanaopenya kwenye tundu la uzio. Akaacha kuzungumza na wageni, maana aliona haya. Kila asubuhi alikaa dirishani akitazama mto, kisha ananitazama mimi. Pasaka inakuja, ahadi ni yake, na mkono pekee wa nyumba uliobaki mzima ulikuwa huu wangu wa kushika mwiko. Nikishindwa na mto, mume wangu angekaa bandani mbele ya watu waliomwokoa kama mtu aliyewadanganya.

Nikasema potelea mbali. Nikachukua ndoana zake, nikachukua maini ya kuku, nikashuka mtoni. Huku kwetu hatukai na fimbo ya kuvulia mkononi kama wageni wa mjini. Unafunga mshipi kwenye tawi lililoinama juu ya maji, unatia chambo, unarudi nyumbani kufanya shughuli zako, asubuhi unakuja kutazama. Nilifunga, nikarudi, asubuhi nikaenda. Jioni hiyo Alvertis alikuja akaegemea uzio.

"Dada Tisha, nasikia umevua."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia kobe."

"Alikuwa kobe mkubwa, Shemasi."

"Chambo maini ya kuku?"

"Maini ya kuku."

Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu msibani. "Kambare wengine watakula hata soksi yako. Kichwa-bapa si mbwa wa jalalani, mama. Huyo anataka chakula kinachomtazama usoni. Mpe kisamaki aliye hai, mchome ndoana mgongoni, hapa chini ya pezi, asife. Akifa, umemlisha kobe tena."

"Na nimfunge wapi?"

"Mtoni."

"Mto una maili mia ngapi, Alvertis! Mahali gani?"

"Penye maji."

Ndivyo walivyo wanaume wa huku. Watakupa mashati yao, watakubebea mume mgongoni, lakini mahali pao pa kuvulia hawakwambii. Ukiwauliza samaki huyu umemnasa wapi, wanakuonyesha mdomo wake: hapa.

Nikavua visamaki bwawani kwa Purifoy, nikavipeleka mtoni kwenye ndoo. Nikaona tawi moja nene, kavu, limesimama imara juu ya maji. Nikajisemea hili halivunjwi hata na nyumbu. Nikafunga mshipi. Asubuhi mshipi haukuwapo, ndoana haikuwapo, na tawi halikuwapo. Limebaki kovu jeupe kwenye shina.

Earline, mkewe shemasi, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. "Tisha! Umefunga kwenye mti mkavu? Sasa hivi kuna kambare huko anapita mbele ya wenzake na fanicha!"

"Cheka tu, Earline. Wewe umevua nini mwaka huu?"

"Mafua," akasema, akaanza kucheka upya.

Nilicheka naye, sikatai. Lakini nilipofika kwangu Hosie aliitazama ndoo tupu, akageukia ukutani, na kicheko kikaniishia. Siku zilikuwa zimekwisha. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, na keshokutwa watu wanakuja na sahani.

Ijumaa, baada ya ibada, Alvertis akapita na boti yake imefungwa nyuma ya gari, bado amevaa tai.

"Panda," akasema. "Na huo ugoro wako uache nyumbani. Ukishika ugoro ukashika chambo, samaki anajua."

"Samaki anajua dhambi zangu?"

"Wote tunazijua. Panda."

Mto ulikuwa umepanda kidogo, una rangi ya chai ya maziwa, na mierebi imechanua majani madogo kama masikio ya kindi. Alvertis alisema hapo ndipo maji yanapopata joto na kichwa-bapa anaamka na njaa ya miezi yote ya baridi. Anakula sana kabla ya kwenda kutaga ndani ya magogo, na akishaanza kutaga utampigia magoti asikusikilize. Tukapita kisiwa, tukapita mahali ninapopajua, tukaingia mahali nisipopajua. Akaniambia nifumbe macho.

"Nimeshafumba."

"Umefumba moja, Dada Tisha."

Nikafumba yote mawili. Nilipofumbua, tulikuwa mbele ya rundo la magogo yaliyosombwa na mto yakakwama kwenye kona. Nje ya kona maji yanakwenda kasi, ndani yake yanazunguka polepole kama mtu anayekoroga uji. "Humo," akasema kwa sauti ya chini. "Chini ya hayo magogo kuna shimo. Mzee analala ndani mchana, jua likizama anatoka mlangoni kutafuta chakula. Wewe weka chakula mlangoni."

Akanionyesha tawi la mwerebi bichi, jembamba kama kidole gumba. Nikamwambia hili litavunjika. Akalivuta mpaka likagusa maji, akaliachia, likaruka juu. "Kavu linashindana naye. Hili linakubaliana naye. Akivuta linakwenda, akichoka linamrudisha, mpaka aishiwe hasira. Hosie amekaa nawe miaka yote hiyo kwa njia gani, unafikiri?"

Nilifunga mwenyewe. Fundo langu, mkono wangu. Nikaweka chubwi mshipi ushuke wima, chambo kikae juu kidogo ya matope, kikiogelea, kikitafuta njia. Alvertis hakugusa kitu. Tulipokuwa tunaondoka nikasema kimoyomoyo, Bwana, sikuombi samaki wa kujisifu. Kisha nikafikiri, nikaongeza: lakini akiwa mkubwa sitakataa.

Jumamosi asubuhi akanirudisha pale kwenye magogo. Kwa mbali tu niliona tawi limeinama mpaka majini, linatikisika. Nikapiga kelele ambazo si za Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Nikashika mshipi, nikavuta. Nilikuwa nimesikia habari za watu kuburutwa, boti kupinduliwa, vidole kukatwa. Wangu alikuja kama mzee anayeamshwa kwenda kanisani: hataki, lakini anakuja. Kikatokea kile kichwa kipana, bapa kama koleo, cha manjano chenye madoa ya udongo, taya la chini limetokeza mbele. Ratili arobaini na kitu. Tulimpandisha botini wawili, nikamkalia.

"Dada Tisha," akasema Alvertis, amevua kofia, "mimi sijaona mwanamke amevua hivi."

Nilikuwa nalia juu ya samaki.

Hosie aliposikia gari alitoka mpaka kibarazani peke yake. Akamwona, akaweka mkono wake mzima kichwani pangu, akauacha hapo. Hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta mtoni.

Basi nikakata, nikaosha, nikapaka unga wa mahindi na pilipili. Sufuria kubwa la chuma likawekwa nje ya banda, mafuta yakaimba. Kichwa tukakipigilia msumari kwenye nguzo ya banda, kama ilivyo kawaida yetu, watu wapite wakione. Wakaja wote: akina Purifoy, waliotuletea maharage, wenye mikate, na aliyepasua kuni bila shaka, popote alipokaa. Mchungaji akaomba, mfupi kwa mara ya kwanza, kwa sababu harufu ilikuwa inamwita. Kisha Hosie akasimama. Tangu baridi hajasimama mbele ya watu.

"Asanteni," akasema. Akatafuta neno lingine, likachelewa, akalisubiri, likaja. "Kuleni."

Sijui kama umewahi kusikia watu wazima wakipiga makofi huku wanafuta pua. Walikula kama watu waliotumwa kazi. Na mimi, kila aliyekuja na sahani nilimsimulia: fundo langu, tawi langu, jinsi alivyopigana. Kila sahani samaki alizidi kupigana. Alvertis alikaa pembeni na kipande chake akiitikia, "Kweli kabisa. Niliona kwa macho yangu. Kweli."

Nilipokuwa nafika mahali ambapo boti inakaribia kupinduka, nikamwona Hosie amekwenda na fimbo yake mpaka kwenye ile nguzo. Alikitazama kile kichwa muda mrefu. Akainua kidole, akagusa pua ya samaki.

"Pua," akasema.

Tukageuka wote.

"Imechubuka," akasema Hosie. Halafu, polepole, akachora hewani kwa kidole: kamraba, kamraba kengine, kamraba kengine. "Sanduku."

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa, maana wote ni watu wa mtoni. Samaki aliyenaswa jana ana kidonda cha ndoana mdomoni, basi. Lakini aliyefungiwa siku kadhaa ndani ya sanduku la waya, lile linalozamishwa kando ya gati ili akae hai mpaka atakapotakiwa, huyo husukuma waya kwa pua usiku na mchana akitafuta njia, mpaka ngozi inatoka, nyeupe, yenye alama za mraba. Nikasogea nikatazama. Alama zilikuwapo, zimejipanga kama kitambaa cha meza cha Earline. Ndipo nikaelewa kwa nini mpiganaji wangu alikuja botini amechoka vile.

Sikuona haya hata kidogo. Mtu aliyembeba mume wangu mgongoni wakati wa baridi alikuwa amembeba tena, safari hii kimyakimya, na akaniachia mimi sifa. Hosie alikuwa anacheka, kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yanatoka kwenye macho yote mawili.

"Ni magogo yale, Hosie," akasema Alvertis, hatazami nguzo wala hanitazami mimi. "Yana ncha. Samaki akijisugua..."

"Magogo ya mraba, Shemasi?" nikamuuliza kwa upole.

"Mimi sanduku langu halijaona samaki tangu mwaka jana. Naapa mbele ya Mchung..." Akakatiza hapo, maana alikumbuka yuko mbele ya mchungaji kweli.

Earline akaweka chini sahani yake, akafuta vidole kimoja kimoja. "Halijaona samaki? Alvertis Grigsby, na yule kichwa-bapa uliyenikataza kumgusa Jumatano, ukasema unamnenepesha, amekwenda wapi?"

Shemasi akatia mdomoni kipande kikubwa kuliko mdomo wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaona kwamba si adabu kusema huku unatafuna.