Mti wa Kusukumia Unga

Novemba, alasiri tu, na giza la majira ya baridi limeshashuka. Glenys Braithwaite alisimama mdomoni mwa njia ipitayo chini ya barabara kuu, mvua ikimchapa shavu, akatia mkono mkobani kuhakikisha mti wa kusukumia unga upo. Ulikuwapo. Ulikuwa wa marehemu mama yake, mzito, umelainika kwa siagi ya miaka mingi. Taa za mle ndani hazijawaka tangu Pasaka.

Hakuwa anakwenda kuoka. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, halafu mbio kwa mwingine. Kutoka kwa Bi Hepworth hadi kwa mzee anayefuata lazima upite pale chini. Ipo njia ya juu, ila inazunguka mno, na kampuni hailipi mwendo wa miguu.

Gari la kampuni lipo moja, dogo, jekundu, na Bwana Lister msimamizi alimpa Corinne. Corinne, ambaye Glenys ndiye aliyemfundisha jinsi ya kumnyanyua mzee bila kumuumiza! Tangu siku ile wivu ulimkaa Glenys kooni kama mwiba wa samaki. Yeye anafika kwa wazee viatu vinatoa maji, mwenzake anafika mkavu, midomo imepakwa rangi, na wazee wanamsifu kwa kuwahi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Siku moja wakinywa chai Corinne alicheka akasimulia kwamba kiti cha nyuma ameweka fimbo ya gofu aliyoiacha mume wake wa zamani, ya kuwatuliza wapumbavu wa njiani. Glenys alicheka pia, lakini chai akaiweka chini. Mwenzake ana gari lenye kufuli, na bado ana fimbo pia.

Huko chini kulikuwa na mwanamume wa koti la kijivu. Anaegemea ukuta, Glenys akipita anabanduka na kumfuata mpaka mwisho. Glenys akisimama, naye anasimama. Glenys alipowapigia polisi simu, aliulizwa kama ameguswa au ametishwa. Akajibu hapana, hajaguswa. Akaambiwa apige tena jamaa akifanya kitu. Jioni ile ndipo alipofungua mtoto wa meza jikoni na kuutoa mti wa mama yake.

Basi alasiri hiyo ya Novemba alipita, na viatu vikamfuata kama kawaida. Lakini alipotokea upande wa pili aliona makoti ya njano ya polisi. Kulikuwa na kijana aliyechomwa kisu wiki iliyopita, kwa hiyo walikuwa wanapekua kila anayepita. Glenys alifurahi kweli. Leo jamaa amepatikana, alijisemea, akafungua mkoba mwenyewe kabla hajaombwa.

Konstebo alikuwa kijana, masikio mekundu kwa baridi. Alipouona ule mti akatabasamu.

"Leo unaoka, mama?"

Alimfungulia mlango wa kuponea, ilikuwa ni kuingia tu. Ndiyo, mwanangu, naoka, na yangeishia hapo. Lakini wakati huohuo gari dogo jekundu lilisimama kwenye taa za barabarani kando yao, na ndani yake Corinne, joto limeufukuza ukungu kiooni, anatikisa kichwa kwa muziki. Wivu ukampanda Glenys mpaka machoni.

"Sioki," alisema. "Mimi sikupewa gari. Nimeubeba kwa ajili ya huyu anayenifuata. Akinigusa nampiga nao."

Tabasamu la konstebo likafifia. "Unasema umeubeba ili umpige mtu?"

"Ili nijilinde."

"Hilo ndilo kosa lenyewe, mama. Kitu chochote ukikibeba kwa nia hiyo ni silaha. Hata kijiko."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wanasema, polisi hawakutajwa. Glenys aliona dunia inamwacha peke yake, akanyoosha kidole. Na yule je? Yule ana fimbo ya gofu kiti cha nyuma, ya kazi hiyohiyo, amesema kwa kinywa chake. Konstebo akaenda kugonga kioo. Corinne alikishusha, akamtazama Glenys, kisha akamgeukia konstebo.

"Nacheza gofu," alisema. "Kila Jumapili."

Hajawahi kuugusa mpira wa gofu maishani mwake. Konstebo akamtakia mchezo mwema, taa zikawa kijani, gari likaondoka.

Jamaa wa koti la kijivu alikuwa amenyanyua mikono bila kuambiwa. Mifukoni alikutwa na leso na tiketi ya basi. Glenys akasema ndiye huyu, ndiye. Askari wa kike akamuuliza amemfanya nini, na Glenys akasema anatembea nyuma yake, basi. Kutembea si kosa, akaambiwa. Wakamshukuru yule bwana kwa subira yake.

Kisha wakamtaka Glenys ataje jina na anapokaa. Magari yalikuwa yananguruma juu, ikabidi apaze sauti. Konstebo akayarudia yote kwenye redio, polepole, huku yule jamaa kasimama hatua chache, anafunga zipu ya koti.

Wakauchukua mti, wakampeleka kituoni, na huko alikiri kosa na kukubali onyo la kuandikwa ili awahi kumlisha mzee wake. Hakujua onyo hilo linakwenda hadi kwa Bwana Lister, ambaye alisikitika sana, kweli alisikitika, lakini mtu mwenye rekodi ya silaha hawezi kuingia vyumbani mwa wazee. Wiki iliyofuata Glenys alirudisha sare zake ofisini, zimefuliwa na kupigwa pasi. Corinne alikuwapo. Amepewa wazee wote wa Glenys, na Bi Hepworth pia. Hakumsalimu, na kusema kweli Glenys hakumlaumu. Alichoangalia ni ule ufunguo wa gari kidoleni mwa mwenzake, ukizungushwa.

Akarudi nyumbani kwa njia ya chini. Alitoa funguo zake akazibana katikati ya vidole, akamkumbuka konstebo, akazirudisha mkobani. Alikuwa nusu ya njia viatu vilipoanza nyuma yake. Leo havikubaki mbali.

"Jioni njema, Glenys," sauti ilisema, kwa upole kabisa. "Mtaa wa Inkerman, nambari kumi na nne. Mbali hivyo, kwa miguu?"

Glenys hakugeuka. Aliendelea kutembea kuelekea Inkerman, kwa kuwa hakuwa na nyumba nyingine.