Twiga wa Senti Kumi

Mwalimu Gachoki hakuvumilia stempu kulala nyumbani kwake ikiwa bado imeng'ang'ania bahasha. Aliikata pembeni kwa mkasi, akaiacha ielee kwenye maji ya uvuguvugu katika beseni jeupe mpaka gundi ilegee yenyewe. Kuivuta aliita ushenzi. Ikishaachia, aliinyanyua kwa kibanio, akailaza juu ya karatasi ya kunyonya maji na kuigandamiza kwa kamusi nzito. Kesho yake ilitoka imenyooka na safi, kama vile haijawahi kuguswa na binadamu.

Alikuwa amefundisha kemia katika shule za sekondari za Embu mpaka akastaafu. Mkewe alikuwa amefariki na watoto walikuwa na maisha yao. Alasiri zake zilikuwa za stempu. Raha hiyo hakuwahi kuieleza mtu akaelewa. Angeweza kukaa kwenye meza ya dirishani na stempu mbili za bei moja na picha moja, wengine wote wakiapa kwamba ni pacha, halafu chini ya lenzi kahawia ya moja ikageuka kuwa na wekundu kidogo, na hapo akajua kwamba wino ulikorogwa siku tofauti na mtu tofauti. Moyo wake ulituama. Tanganyika ilikuwa kwenye albamu zake, na Zanzibari ya masultani, na nchi nyingine zilizokwisha kufutwa kwenye ramani, kila moja mahali pake, kimya. Watu waliozibandika stempu hizo walikuwa wengi wao makaburini. Hilo halikumshughulisha. Yeye alikusanya stempu.

Mwezi wa Julai mwaka 1996, manyunyu yakiwa hayakatiki, Mwiti alibisha hodi. Mwiti alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa karani katika shamba kubwa la ngano huko Timau, na kila alipotumwa Embu alipitia kwa mwalimu wake na stempu alizookota ofisini.

"Mwalimu, leo sitaki ile chai yako ya rangi," alisema kabla hata ya kukaa. "Leo utanikorogea ya maziwa."

"Ulipata alama ngapi kwenye mtihani wangu wa mwisho?"

"Hayo yaliisha, Mwalimu."

"Basi na maziwa yangu siyamalizi bila sababu."

Mwiti alicheka, akatoa ndani ya koti bahasha ndogo ya kaki, mpya, ya aina inayouzwa kwenye kila duka. Haikuwa na anwani. Ndani haikuwa na kitu. Lakini kwenye kona palibandikwa stempu ya senti kumi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye twiga na kichwa cha malkia akiwa bado kijana. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, na haikuwa na muhuri wa posta hata kidogo.

Gachoki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Biblia ya bibi yangu. Nilikuwa natafuta kitambulisho, nikaona twiga ananiangalia. Nikasema, huyu ni wa Mwalimu."

"Mkeo Igoki anajua?"

"Mwalimu, ni bahasha tupu! Hakuna barua, hakuna jina. Nani anaweka bahasha tupu?"

Gachoki alilifikiria swali hilo kwa muda mfupi kuliko lilivyostahili. Alikwenda kupasha maziwa.

Jioni ile aliikata stempu na kuiacha ielee kwenye beseni. Ilikawia. Stempu za wakati ule huachia upesi, lakini hii ilikaa majini mpaka maji yakapoa, akabadilisha, yakapoa tena. Hatimaye karatasi ya kaki ilizama peke yake na twiga akabaki juu. Mabaki ya bahasha aliyatia jikoni kwenye makaa pamoja na takataka nyingine. Maji aliyamwaga nje, kwenye migomba.

Asubuhi alifungua kamusi na kukuta stempu imeganda kwenye karatasi ya kunyonya maji.

Hakushangaa sana. Gundi kidogo ilibaki, alijiambia. Aliiosha tena, mara hii akiipangusa mgongo kwa brashi laini, na ikaganda tena. Sasa alifanya alichowafundisha watoto wa watu miaka yote ile. Alichukua stempu nyingine ya umri uleule, akaiosha katika maji yaleyale na kuilaza kando ya ile ya kwanza chini ya kamusi ileile. Ikiwa ni unyevu wa Julai, zote mbili zitaganda. Asubuhi, ile ya kulinganishia ilidondoka kama jani kavu. Twiga alikuwa ameshika.

Aliyakausha maji ya kuoshea kwenye kisahani cha kioo, polepole, juu ya moto mdogo. Kama kulikuwa na gundi ingebaki. Kisahani kilibaki kikavu na kitupu, kikimwonyesha uso wake mwenyewe.

Aliandika matokeo yote hayo vizuri, kwa mkono wake ulionyooka. Kitu kimoja hakukiandika. Siku aliyoibandua mara ya nne, kibanio kilimponyoka akaishika kwa kidole gumba, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Stempu ikakishika kidole. Haikumnata kama gundi inavyonata. Ilimshika kwa ulaini, kwa unyevu, na ilikuwa na joto, mfano wa ulimi wa ndama. Alikaa nayo dirishani hivyo hivyo, asiweze kuivuta, mpaka ilipoachia yenyewe. Tangu siku hiyo hakuipa tena mgongo meza ile. Aliisogeza ukutani, ambako angeiona akiwa popote chumbani.

Mwiti alirudi Jumamosi moja mchana, na hakuja na utani. Alikuja na mkewe. Gachoki alikuwa amemwona Igoki mara moja tu, siku ya arusi yao, msichana mwembamba kutoka Kiritiri mwenye macho ya kupima watu. Sasa alikuwa na mimba kubwa, na alipanda ngazi za baraza akiishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa hapa, kiti hiki kina mto."

"Mwalimu," Mwiti alianza, "ile bahasha—"

"Wewe nyamaza," Igoki alisema bila kumtazama. "Wewe umeshaongea ya kutosha na mikono yako." Akamgeukia Gachoki. "Mwalimu, nimekuja kuchukua bahasha yangu. Sina ugomvi na wewe. Najua hukuambiwa."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya baba yangu. Mzee Njuki."

Alieleza kwa ufupi, kama mtu aliyekwisha kuilia habari yake ikamalizika. Alipoolewa na Mwiti, baba yake hakutaka. Siku alipoondoka nyumbani alipiga magoti mbele yake, kama desturi ilivyo, amtemee mate ya baraka kifuani na viganjani. Mzee alifunga mdomo. Alimwangalia tu akiwa amefunga mdomo, mpaka yeye akainuka na kwenda zake. Huko Timau alishika mimba ikatoka. Akashika nyingine, nayo ikatoka. Daktari alisema hakuona ubaya wowote.

"Mwaka jana baba akawa mgonjwa wa kifua. Kutembea hawezi, na mimi nilikuwa na hasira, sikwenda. Akanitumia hiyo bahasha na dereva wa lori la makaa. Alikuwa na stempu moja tangu zamani, wakati alikuwa mpishi wa mzungu, hakuwahi kuitumia. Dereva akaniambia, mzee amesema hivi: mwambie nimeilamba mwenyewe, kwa ulimi wangu. Basi. Akafa kabla sijafika." Aliweka kiganja juu ya tumbo. "Hii imekaa tangu bahasha ifike. Na tangu itoke kwa Biblia, haichezi vizuri. Kuna siku hata haichezi."

"Hospitalini wamesemaje?"

"Wanasema moyo wa mtoto wanausikia. Wanasema nipumzike." Alimtazama usoni. "Nipe bahasha, Mwalimu. Nitapumzika."

Gachoki aliitazama mikono yake. Alijua namna ya kutoka. Bahasha za kaki zilikuwa dukani, njia ya kushuka tu. Mkono wake ungeweza kuibandika ile stempu kwenye kona, kwa pembe ileile iliyoinama kidogo, na hakuna jicho ambalo lingetambua. Angesema amesahau alikoiweka, warudi kesho. Mwanamke angelala usingizi na huenda mtoto naye angetulia. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, na alishangaa jinsi lilivyomjia likiwa limekamilika.

"Haipo," alisema. "Niliikata. Stempu niliiosha kwenye maji, na bahasha nimeichoma."

Mwiti alitoa sauti ndogo kooni. Igoki hakupiga kelele. Rangi ya midomo yake tu ndiyo iliyobadilika.

"Uliiosha na nini?"

"Maji."

"Sabuni?"

"Hapana. Maji matupu."

"Mara moja?"

"Mara nne."

"Kwa nini mara nne?"

Hili hakutaka kulijibu, lakini lilikuwa swali la haki. Alikwenda kwenye meza ya ukutani, akaleta albamu na kuifungua mbele yake juu ya meza ya chai. Twiga alikuwa ameganda tena, juu ya ukurasa ambao haukuwa na tone la gundi. Gachoki aliingiza ncha ya kibanio chini yake, na karatasi ya albamu ikang'oka pamoja nayo kwa mlio mdogo, kama ngozi.

"Haikauki," alisema. "Nimejaribu kila njia ninayoijua. Sina maelezo."

Aliisukuma kuelekea kwake. "Ichukue. Ni yako."

Igoki aliinama akaitazama kwa karibu. Hakuigusa.

"Hii ni picha ya twiga," alisema mwishowe. "Mate ya baba hayakuwa ya twiga. Uliyatoa na maji, Mwalimu. Nani alishika hayo maji?"

"Mimi."

"Na hii ikikushika, inakushika wapi?"

Hakuwa amewaambia habari ya kidole. Bila kupenda, mkono wake wa kulia ulikwisha kujificha chini ya meza.

"Basi mimi sitaki stempu," Igoki alisema. Alishuka kitini taratibu, Mwiti akawahi kumshika bega, naye Igoki akamsukuma. Alipiga magoti juu ya saruji, tumbo likimtangulia, akafungua vifungo viwili vya juu vya gauni na kunyoosha viganja.

"Inuka, mama," Gachoki alisema. "Inuka, tafadhali. Mimi si baba yako. Mimi hata si mtu wa kwenu. Mambo haya mimi siyaamini, sijayaamini tangu nikiwa kijana. Nikikufanyia nitakuwa ninakudanganya."

"Sikuombi uamini. Sikuombi uwe baba." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayefanya hesabu. "Umechukua kitu changu. Nakuomba urudishe."

Alitafuta kosa katika maneno hayo kama alivyokuwa akitafuta kosa katika daftari la mwanafunzi mwerevu, na hakuliona. Kitu kilichochukuliwa hurudishwa.

Alisimama mbele yake. Alikumbuka baba yake mwenyewe akifanya hivi, midomo ikiwa karibu imefungwa, mate yakitoka kama manyunyu, *thu*, *thu*, na harufu ya mzee ikabaki kwenye shati siku nzima. Alifungua mdomo, na mdomo ulikuwa mkavu. Mkavu wa unga. Ulimi ulikwaruza meno. Alisubiri. Nje manyunyu yaligonga majani ya migomba. Kisha kitu kilianza kujaa chini ya ulimi wake, cha uvuguvugu, kingi, kikamjaa mashavuni mpaka akaogopa kwamba kitamsonga, nacho hakikuwa na ladha ya chai aliyokunywa wala ya chochote alichokijua.

Akatema. Kifuani, kiganja cha kulia, kiganja cha kushoto.

Igoki alijipaka, akafunga macho. Halafu akashusha pumzi, akauchukua mkono wa Mwiti kwa mara ya kwanza tangu waingie, akauweka ubavuni mwake.

"Aii!" Mwiti alisema. "Amenipiga teke!"

"Amekupiga kwa sababu ya wizi," Igoki alisema, akainuka. Mlangoni aligeuka. "Asante, baba."

Walipoondoka Gachoki alikwenda kunywa maji. Alikunywa kikombe, akakunywa kingine. Maji yalipita yakashuka tumboni na kuuacha mdomo kama yalivyoukuta. Chakula cha jioni alikimeza kwa shida, kila tonge likihitaji mchuzi wa kulisukuma. Siku iliyofuata ilikuwa vilevile, na iliyofuata. Daktari wa mjini alimmulika kooni, akambonyeza chini ya taya, akamwambia tezi zote ni nzima, labda ni umri. Gachoki alimshukuru. Alijua sentensi hiyo; ndiyo inayosemwa na mtu asiyeona ubaya wowote.

Mwishoni mwa Agosti simu ililia kwa jirani na akaitwa mbio. Alikuwa Mwiti, akipaza sauti kutoka Timau juu ya kelele za upepo na trekta.

"Mwalimu! Ni msichana! Mzima kabisa, analia mpaka majirani wanalalamika! Na Igoki yuko salama. Mwalimu? Unanisikia?"

Alimsikia. Aliushika mkonga wa simu kwa nguvu na kutaka kusema hongera, neno fupi, neno la kila siku. Ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa na haukubanduka.

"Mwalimu? Uko hapo? Mwalimu?"