Maneno Aliyopewa Raissa

Katika mtaa wa Waswahili pale Gitega, hakuna ambaye hakujua kwamba Hidaya na Raissa wanajifunza Kiingereza, maana wenyewe hawakuona haya hata kidogo. Tangu asubuhi walikaa kwenye baraza ya kina Hidaya, kila mmoja na kofia yake ya kudarizi mapajani, na midomo haifungwi. Nyanya zimepanda bei, wanalisema kwa Kiingereza. Jirani amepita bila kusalimu, wanamsengenya kwa Kiingereza. Mzee Sefu, muuza mkaa, kila akipita alikuwa akiwaamkia, "Wazungu, mumeamkaje?" nao wanamjibu kwa lugha yao mpya mpaka anakwenda zake akicheka peke yake.

Mwalimu hawakuwa naye. Walikuwa na simu ya Raissa yenye kioo kilichopasuka, na masomo mafupi ya bure wanayoyasikiliza wakipata bando. Yaliyobaki ilikuwa ni kuongea tu. Na jinsi ya kuongea waliitoa chuoni, kule walikosomea Kurani utotoni: mwalimu anasoma, mtoto anarudisha vilevile, hapunguzi wala haongezi, mpaka likae. Basi Hidaya akisimulia jambo lake, Raissa analirudisha neno kwa neno. Pale Hidaya aliposema "mimi", Raissa naye anasema "mimi". Haikuwapitia akilini kwamba wangeweza kugeuza. Nani amewahi kugeuza somo la mwalimu?

Jambo ambalo Hidaya alilisimulia kuliko yote lilikuwa la kukimbia. Alikuwa na miaka minane mwaka ule familia nyingi zilipofunga mizigo kuelekea Tanzania. Baba yake, Chabani, aliwapeleka yeye na mama mpaka Giteranyi, na kutoka hapo wakashika vijia vya mashambani kwa miguu. Karibu na mpaka kiatu kimoja cha Hidaya kikanasa kwenye tope kikabaki nyuma. Akalia. Akalia kwa kelele, na kila mtu alikuwa anaogopa kelele. Baba akaongea na mama pembeni, akamshika Hidaya kichwani, akageuka akarudi walikotoka. Hawakumwona tena, wala hawakupata mtu aliyemwona.

Kwa Kiswahili Hidaya hakuwahi kuisimulia habari hiyo. Kambini hakuisimulia, na waliporudi Gitega hakuisimulia. Lakini Kiingereza hakikuwa na uchungu. Kilikuwa kama nguo ya kuazima, unaivaa unatoka nayo. Kwa Kiingereza aliweza kusema lile lililomkaa kooni miaka yote: baba alirudi kuchukua kiatu changu, kwa hiyo ni mimi niliyemuua. Raissa akalirudisha na hilo, taratibu, macho kwenye sindano: ni mimi niliyemuua. Siku hiyo Hidaya aliona amepata ndugu. Maskini.

Habari ya kazi aliileta Hidaya mwenyewe. Shirika moja la wageni huko Muyinga lilikuwa linatafuta mtu mmoja wa kupokea wakimbizi wanaorudi, awasikilize na kuwatafsiria kwa Kiingereza, na walimtaka mtu aliyepitia ukimbizi mwenyewe. Raissa hajawahi kuvuka mpaka wowote. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Makebuko, harusini. Lakini akasema naye anataka kujaribu, na Hidaya, kwa roho yake nyeupe, akasema twende wote, shoga, hata ukikosa utakuwa umezoea.

Wakaondoka alfajiri kwa teksi inayopitia Karuzi, wamebanana siti ya mbele. Njiani Raissa akamwomba aisimulie tena.

"Ya nini tena? Unaijua kuliko mimi," Hidaya akasema.

"Ili we usisahau, Hida. Mi niko nakusaidia we."

Hidaya akasimulia, Raissa akarudisha, dereva akatikisa kichwa kwa kusikia wasichana wa Gitega wanavyotiririka. Walipofika Muyinga na kukalishwa kwenye benchi nje ya ofisi, Raissa akajishika tumbo.

"Uniachie niingie mbele. Woga unaniua. Nikikaa hapa nitatapika, vraiment, kweli tena."

Zamu ilikuwa ya Hidaya. Akampa. Akamwekea na ukaya wake sawa kichwani, akampulizia dua.

Raissa alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alipitiliza kwenda bombani kunawa uso, hakugeuka. Hidaya akadhani mambo yamemharibikia, akamwonea huruma.

Ndani walikuwa watu wawili: mzungu mmoja mwenye ndevu, na mama wa Kirundi aitwaye Melania, nadhifu, mpole wa sauti. Wakamwambia kwa Kiingereza asiogope, haya ni mazungumzo tu, awaeleze alivyokimbia na alivyorudi. Hidaya akashusha pumzi. Kama kuna swali alilolijua, ni hilo. Akaanza, na maneno yakaja yenyewe, Giteranyi, vijia, tope. Alipomaliza na kiatu, na baba aliyegeuka akarudi, akaona mzungu ameweka kalamu chini. Melania alikuwa anamtazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

"Dada," Melania akasema, bado kwa Kiingereza, "habari hii tumeisikia sasa hivi."

Hidaya hakuelewa. Akadhani amekosea mahali, akataka kuanza upya.

"Aliyetoka ametuambia hivihivi. Giteranyi hiyohiyo, kiatu hichohicho. Ila yeye anajua baba yake alisema nini alipoondoka. Wewe umeishia njiani."

Kwanza alimwelewa Raissa, na hilo peke yake lilikuwa kisu. Halafu likamfikia la pili.

"Alisema nini?" akauliza.

"Nani?"

"Baba. Baba yangu alisema nini?"

Mzungu na Melania wakatazamana. Binti anauliza wageni maneno ya mwisho ya baba yake mwenyewe! Walihitaji ushahidi gani mwingine? Melania, labda kwa huruma, labda kwa kumwaibisha ili asirudie, akamjibu. Baba alimwambia mama: mtoto huyu akikua, mwambie sikurudi kwa ajili ya kiatu. Mama yangu ni mgonjwa, yuko kitandani Gitega, siwezi kumwacha. Tangu tunatoka nyumbani nilijua mimi sivuki.

Hidaya alitaka kusema mengi. Alitaka kusema huyo ni baba yangu, huyo bibi ni wangu, aliyetoka hapa baba yake yuko hai anauza mitumba sokoni. Lakini Kiingereza chake chote kilikuwa ndani ya ile habari, na ile habari ilishachukuliwa. Kila sentensi aliyoishika ilikuwa ya Raissa sasa. Alipogeukia Kiswahili, Melania akainua mkono na kumwambia kwa upole kwamba mtihani ni wa Kiingereza, na kwamba mlango uko pale.

Alimkuta Raissa nje ya geti, karibu na vijana wa baiskeli, anasubiri. Angalau alisubiri, sijui kama nimpe sifa kwa hilo.

"Umeniibia," Hidaya akasema. "Umenizunguka, Raissa. Baba yangu!"

Raissa hakukana. "Mi niko na nini ya kuwaambia wale? Nikawaambie nadarizi kofia? Wanataka mtu mwenye aliteseka. Mi sijateseka, Hida. Bon, ndiyo kosa yangu."

"Na yale maneno ya mwisho? Umeyatunga?"

Hapo Raissa akatazama chini. "Sijatunga. Mama yako alinipa."

"Mama yangu?"

"Mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa namsaidia kupika, nikamwambia vile we unasemaka juu ya kiatu. Alilia sana. Hakujua uko na hiyo kitu moyoni. Akasema, mzazi hawezi kumwambia mwanawe jambo kama hilo uso kwa uso, we ndiyo shoga yake, kamwambie."

Ndivyo ilivyo mitaa ile, na nani asiyejua? Neno zito la mzazi kwa binti hupitia kwa shoga, liwe la posa au la msiba, ili mtoto apate mahali pa kulia bila kumvunjia mzazi heshima. Mama Pili, mama yake Hidaya, alifanya kama mama yake mwenyewe alivyofanya. Alichagua mdomo anaouamini.

"Tangu Ramadhani," Hidaya akasema. "Tumekaa baraza moja kila siku. Umenisikia nasema nimemuua baba yangu, ukanirudishia kwamba nimemuua. Na huku unajua. Kwa nini hukuniambia?"

Raissa alijaribu kumshika mkono, akatolewa. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, na nadhani ni neno pekee la kweli alilosema siku hiyo:

"Ningekuambia, hilo neno ungelisema we, si mi."

Hidaya alipanda teksi ya kurudi peke yake. Alilia mpaka Karuzi, na abiria mmoja akampa ndizi, akaipokea kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Alichokuwa anakililia hakikuwa kazi. Miaka yote alitamani mtu amwambie kwamba si yeye, na siku alipoambiwa, aliambiwa na mgeni anayemwona mwizi.

Mama Pili alikuwa mlangoni, ameshapika. Hakuuliza kuhusu kazi. Aliutazama uso wa binti yake uliovimba, akaona anachotaka kukiona.

"Raissa amekuambia," akasema. "Alhamdulillahi. Nilianza kuhofu mbona amechelewa. Yule mtoto Mungu amlipe, ameniondolea mzigo." Akainua mikono yake miwili kumwombea.

Hidaya akaishika ile mikono akaishusha.

"Usimwombee, mama. Niambie wewe."

"Si umeshaambiwa?"

"Niambie wewe, kwa mdomo wako."

Mama akageuka pembeni kama mtu anayetafuta pa kupita. "Ningekuambiaje, mwanangu? Nikuambie baba yako alimchagua mama yake akatuacha sisi porini? Nilimkasirikia miaka mingi. Sikutaka umkasirikie na wewe."

"Alisema nini?"

Sufuria ikachemka jikoni na hakuna aliyekwenda. Kisha mama, bila kumtazama, akasema yale maneno, nayo yalikuwa machache kuliko ya Muyinga, bila mapambo yoyote. "Alisema, si kiatu. Mwambie mtoto si kiatu. Basi. Akaenda."

Hidaya akasimama anangoja kifua kifunguke. Mama yake alikuwa ameyasema hatimaye, mbele yake, kwa lugha yao, na ndivyo alivyotaka. Lakini alipojaribu kuyarudia moyoni ili yakae, yalikuja kwa Kiingereza, na aliyekuwa anayasema alikuwa Raissa.